Usinifungie TikTok, Nifungie Jirani

Kuna ombi ambalo nimelisikia mara nyingi hapa Kakamega hadi nimelikariri. Mwenye hosteli ananipigia simu, au ananisimamisha barabarani, na kabla hatujamaliza kujuliana hali anasema: "Kijana wangu, si wewe ni mtu wa kompyuta? Kuja unifungie hiyo TikTok. Hawa watoto wanamaliza mtandao wote." Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema: "Kuja uhakikishe mpangaji wa chumba namba 7 hawezi kufikia kompyuta ya chumba namba 8." Kwa maoni yangu, hilo la pili ndilo kazi halisi ya swichi, na hilo la kwanza swichi haliwezi hata ukilia machozi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na tangu hapo hosteli za watu binafsi zimeota pande za Lurambi na Kefinco kama uyoga wakati wa mvua. Nyingi sasa zinajitangaza kwa maneno mawili: maji na waifai. Ukiingia ndani kuangalia hiyo waifai, mara nyingi mpangilio ni uleule. Waya mmoja wa faiba unaingia, unafika kwenye ruta, ruta inaunganishwa na swichi ya matundu 24, na kutoka hapo waya zinakimbia hadi vyumbani au kwenye visanduku vya waifai vilivyopigiliwa kwenye korido. Watu 40 au 50 wasiojuana wanalala juu ya mtandao mmoja, kama familia moja. Tatizo ni kwamba si familia moja.

Swichi inafanya kazi gani? Inasoma anwani mbili zilizoandikwa juu ya kila paketi, ya mtumaji na ya mpokeaji, halafu inaamua paketi itokee tundu gani. Basi. Ni kama kondakta wa matatu ya Kisumu kuja Kakamega: anajua huyu anashuka Mbale na yule Chavakali, lakini hajui unaenda kumwona nani, wala haimhusu. Swichi bora kidogo, zile zinazoweza kupangwa, zinasoma pia anwani ya IP na namba ya lango la huduma. Hapo ndipo unaweza kuiwekea orodha ya ruhusa: hii ipite, ile ikataliwe.

Sasa rudi kwa TikTok. Jina "TikTok" halimo kwenye anwani hizo. Kuna namba tu. Na namba hizo ni za kampuni kubwa za kusambaza data, ambazo seva zao zinabeba maelfu ya tovuti kwa pamoja. Ukiziba namba moja leo, unaweza kujikuta umeziba tovuti ya benki au ya masomo, na kesho TikTok inatumia namba nyingine. Isitoshe kuna VPN. Serikali yenyewe imejaribu mchezo huu kwa vyombo vikubwa kuliko swichi ya hosteli. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizibwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Waliokuwa na haja nayo waliweka VPN na maisha yakaendelea. Walioumia ni wale wasio na hatia, waliokuwa wakiitumia kwa biashara zao na hawajui VPN ni nini. Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa agizo la muda la kuzuia Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za simu zisikate mtandao. Kama nchi nzima imeshindwa kuziba programu moja hadi mambo yakafika mahakamani, wewe mwenye hosteli na swichi yako ya korido unatafuta nini huko?

Nakubali malalamiko ya mtandao kuwa mzito ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kugawa kasi kwenye ruta, kila mpangaji apate fungu lake, atazame anachotaka nalo. Akilimaliza kwa video za paka, ni lake. (Shule ya watoto ni habari nyingine. Huko kuchuja yaliyomo kuna sababu, na hufanywa kwenye huduma ya majina ya tovuti, si kwenye swichi.)

Twende kwa jirani sasa, maana huyu ndiye anayenikosesha usingizi.

Mitandao yetu ya ndani imejengwa juu ya kuaminiana. ARP, ule utaratibu ambao kompyuta hutumia kuuliza "nani mwenye anwani hii ya IP?", iliandikwa na David Plummer mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa chumba cha watafiti wanaojuana kwa majina. Swali linatangazwa kwa wote, na yeyote anaweza kujibu. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Mpangaji wa chumba namba 7 akisema "ruta ni mimi", kompyuta ya jirani inaamini na kuanza kumpelekea kila kitu. Programu za kufanya hivyo ni za bure, na kijana wa mwaka wa kwanza anazimudu baada ya kutazama video ya dakika kumi.

DHCP, inayogawa anwani za IP, nayo ni vilevile. Kompyuta inapoingia inapiga kelele: "Nipeni anwani!" Wa kwanza kujibu ndiye anayeaminika. Hapa hata nia mbaya haihitajiki. Kuna hosteli moja pande za Lurambi ambako mpangaji alikuja na ruta yake ndogo ya nyumbani ili apate waifai yake chumbani. Akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu lisilo sahihi, lile la upande wa ndani. Kuanzia dakika hiyo hosteli ilikuwa na wagawaji wawili wa anwani. Waliokuwa tayari mtandaoni waliendelea bila shida. Waliorudi kutoka darasani na kuwasha laptopu zao walipewa anwani na yule aliyejibu haraka, ambaye mara nyingi alikuwa ile ruta ndogo, na ruta ndogo haikuwa na njia ya kutokea popote. Ilikuwa wiki ya kusajili masomo ya muhula. Unaweza kuwaza kelele zilizokuwa kwenye ile korido! Chumba hiki kina mtandao, kile hakina, na keateka anazima na kuwasha ruta kubwa kila baada ya nusu saa kama mtu anayepiga pampu ya kisima kilichokauka. Iliwachukua siku mbili kugundua ni nini.

Siku mbili, kwa tatizo ambalo mstari mmoja kwenye swichi ungelizuia lisitokee kabisa.

Najua kuna msomaji anasema: siku hizi kila tovuti ina HTTPS, kila kitu kimefichwa, jirani ataona nini? Ni hoja nzuri, na nusu yake ni kweli. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa kiongezo cha Firefox kiitwacho Firesheep, kilichomwezesha mtu yeyote kwenye waifai ya wazi kubofya jina la aliyekaa karibu naye na kuingia Facebook kama yeye. Makelele yake yalisaidia kusukuma tovuti kubwa kuhamia HTTPS, na kufikia 2013 Facebook ilikuwa imeifanya chaguo-msingi kwa kila mtu. Kwa hiyo nywila yako ya benki haisomeki ovyo kwenye waya. Lakini HTTPS inalinda mazungumzo yako na tovuti. Hailindi kompyuta yenyewe. Haifungi folda uliyoacha wazi kwa mtandao mzima, wala kamera ya usalama ya mwenye nyumba ambayo nywila yake bado ni ile ya kiwandani, wala kompyuta ya mama mwenye duka la kuchapisha pale chini, ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe.

Mnakumbuka WannaCry? Mei 2017. Ilisambaa duniani kwa siku chache, ikafunga mafaili ya watu na kudai pesa, ikasimamisha kazi katika hospitali za Uingereza. Ilipita kwenye lango namba 445, lile la kushirikiana mafaili kwenye Windows. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Ikishaingia kwenye kompyuta moja ndani ya jengo, haikumngoja mtu abofye chochote. Ilitafuta majirani yenyewe na kuwarukia. Sasa jiulize, mpangaji wa chumba namba 7 ana sababu gani ya kufikia lango 445 la chumba namba 8? Hana. Kwa kweli hana sababu ya kufikia lango lolote la chumba namba 8. Wote wawili wanataka kitu kimoja tu, kutoka nje kwenda intaneti.

Ukishakubali hilo, kazi ya kuchuja inakuwa fupi ajabu. Kwenye swichi ya Cisco, ikiwa ruta imechomekwa tundu la 24 na wapangaji wako tundu la 1 hadi la 23, unaanza hivi:

ip access-list extended WAPANGAJI
 deny udp any eq 67 any
 permit ip any any
interface range gigabitEthernet 0/1 - 23
 ip access-group WAPANGAJI in
 switchport protected

Mistari sita. Wa pili unasema: paketi yoyote ya UDP inayotoka lango 67, itupwe. Lango 67 ndilo la mgawaji wa anwani. Anayeomba hutumia 68. Mpangaji ni mwombaji siku zote, kwa hiyo hana biashara ya kuzungumza kutoka 67. Ile ruta ndogo ya Lurambi ingejibu mpaka ichoke na hakuna ambaye angeisikia. Mstari wa tatu unaruhusu mengine yote, na usiudharau. Swichi husoma orodha kuanzia juu kwenda chini na kusimama pale panapolingana mara ya kwanza. Mwisho wa orodha kuna mstari usioonekana unaokataa kila kitu kilichobaki. Ukisahau ule wa tatu, umezima hosteli nzima. Kuna kampuni nyingine ambazo swichi zao hufanya kinyume, zinaruhusu kisichotajwa, kwa hiyo soma kitabu cha swichi yako kabla hujashika kibodi.

Mstari wa sita ndio kipenzi changu. Matundu yaliyowekewa alama hiyo hayawezi kuongea yenyewe kwa yenyewe; yanaongea na tundu la ruta tu. Chumba namba 7 na chumba namba 8 wanakuwa kama wako miji tofauti.

Hapo bado hujamaliza. Orodha ile inachuja IP, na ARP si IP. Inapita chini yake kama panya chini ya mlango. Kutenganisha matundu kunazuia chumba namba 7 kumdanganya jirani moja kwa moja, lakini bado kinaweza kuidanganya ruta yenyewe kwamba "chumba namba 8 ni mimi" na kupokea majibu yasiyo yake. Kwa hiyo swichi yenye uwezo wa kuchunguza DHCP uiwashie uwezo huo: itaweka daftari la nani alipewa anwani gani kwenye tundu gani. Kisha washa ukaguzi wa ARP, ambao hulinganisha kila jibu na daftari hilo na kutupa la uongo. Utaiambia swichi kwamba tundu la 24 pekee ndilo la kuaminika. Na IPv6 je? Watu huisahau kabisa. Simu na laptopu za leo zinaiongea zenyewe bila kuombwa, na huko nako mtu anaweza kujitangaza kuwa ruta. Kinga yake imeelezwa kwenye RFC 6105 ya mwaka 2011, na swichi nyingi za ofisi zinayo.

Mambo mawili yanawaangusha wengi. Kutenganisha matundu kunaishia ndani ya swichi moja. Ukiwa na ghorofa mbili na swichi mbili, mpangaji wa chini bado anaweza kumfikia wa juu usipopanga VLAN vizuri. Na simu mbili zilizo kwenye kisanduku kimoja cha waifai zinaongea humohumo ndani ya kisanduku. Paketi haifiki kwenye swichi kabisa, kwa hiyo ni lazima utenganishaji uwashwe kwenye kisanduku pia. Ukiwa na printa ya pamoja, iweke upande wa ruta na uiruhusu kwa jina. Na ule mtindo wa kuorodhesha anwani za MAC za waliolipa, uacheni jamani. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC yenyewe inapojiunga na mtandao mpya. Mteja aliyelipa anafungiwa nje, na mjanja anajiandikia MAC ya mwenzake.

Kuna mahali ambapo wakubwa nao hukaa kwenye swichi moja, na wanafanya vilevile. Kituo cha kubadilishana intaneti ni swichi, kubwa lakini ni swichi, ambapo kampuni zinazoshindana huchomeka waya zao ili barua ya Mkenya kwa Mkenya isizunguke ng'ambo. Cha kwetu, KIXP cha Nairobi, kilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee ya kubeba safari za kimataifa, na CCK, tume ya mawasiliano ya wakati huo, ikakifunga baada ya majuma machache. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Huo ulikuwa uchujaji mbaya kuliko wote, kuchomoa swichi nzima. Lakini angalia kanuni za kawaida za vituo vya aina hii duniani, kama AMS-IX cha Amsterdam au LINX cha London. Kila mwanachama anaruhusiwa anwani moja ya MAC kwenye tundu lake, na aina tatu tu za paketi: IPv4, ARP na IPv6. Nyingine inatupwa mlangoni. Kinachochujwa ni kile kinachoweza kumwangusha mwenzako. Ulichobeba ndani ya paketi hakuna anayekuuliza.

Shida kubwa kwetu ni kwamba swichi zinazouzwa madukani kwa bei ya chini hazipangiki kabisa. Unachomeka, zinawaka taa, mwisho. Huwezi kuziandikia hata mstari mmoja. Kwa hiyo mwenye hosteli akinunua hiyo, amechagua kutowalinda wapangaji, hata kama hajui kwamba amechagua. Wauzaji wadogo wa mtandao huku kwetu wengi wanatumia MikroTik, ambayo inaweza haya yote. Wanaitumia kukata aliyemaliza siku zake baada ya kulipa kwa M-Pesa, na hapo wanaishia. Anayetafuta nafuu atapata swichi za ofisi za mkono wa pili. Zina feni zinazonguruma kama poshomili, usiiweke karibu na kitanda cha mtu. Lakini kazi inafanyika, na haijali kwamba imezeeka.

Msimamo wangu ni kwamba anayepokea pesa ya waifai kutoka kwa mpangaji anadaiwa ulinzi huu kama anavyodaiwa kitasa kwenye mlango wa chumba. Hakuna anayejenga hosteli ya vyumba 50 vyenye milango isiyofungika, halafu akasema wapangaji waaminiane. Na asije akaniambia kwamba badala ya kitasa ameweka mtu wa kuandika kila mpangaji anatembelea tovuti gani. Hiyo ni data ya watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Unayelipia mtandao wa pamoja unaweza kujipimia leo, kwa vifaa vyako mwenyewe bila kumgusa mtu. Unganisha laptopu na simu yako kwenye mtandao huo. Soma anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio yake, kisha kwenye laptopu fungua dirisha la amri na uandike ping, nafasi, na anwani hiyo. Usihukumu kwa jibu la ping, kwa sababu vifaa vingi hukataa kulijibu kwa hiari yao. Andika amri ya pili, arp -a, na utafute anwani ya simu kwenye orodha. Ikiwa mbele yake kuna anwani ya MAC ya simu yako, vifaa hivyo viwili vinaonana, na yeyote aliye kwenye korido yako anaweza kukuona vivyo hivyo. Piga picha ya skrini, umpelekee mwenye nyumba kabla hujalipa ya mwezi ujao.